Karibu Isiyofungua Mlango

Nalala mchana, simu kifuani, ukurasa wa maombi ukiwa bado unafunguka. Ni wa shirika la ndege la mwisho ninalolijua linalosomesha marubani kwa gharama zake na kupokea wageni, na linafunga maombi leo jioni. Mwakani umri wangu utakuwa umepita. Dada yangu Nyamizi ananiambia kutoka uani, Kapteni, usilale, utapitiwa. Nasema silali, na papo hapo niko barabarani.

Barabara ina mistari myeupe kama njia ya kurukia ndege, na haina mwisho. Mbele yangu anatembea mtu mwenye sare ya rubani, na chini ya kofia hakuna uso, pako laini kama yai. Shikamoo, namwambia. Marahaba, unatafuta nini? Natafuta shule ya urubani, mimi si wa huku na ada siiwezi. Anacheka bila mdomo. Shule hazijifichi, anasema, wanaojificha ni wenye funguo. Tunafika mji wa vioo vitupu. Nasimama langoni, nabisha kama nilivyolelewa, hodi. Karibu, inajibu sauti ya ndani, na lango halifunguki. Hodi, narudia. Karibu sana, una kibali cha kufanya kazi hapa? Sina. Basi nenda mji wa pili, mwanangu, sisi tunafadhili wenye kibali. Sibishani, huenda wana sababu zao. Mji wa pili ni ule ule, umegeuzwa tu, kulia kumekuwa kushoto. Hodi. Karibu, una kazi? Kibali tunampa mwenye kazi. Mji wa tatu ndio wenye kazi, hodi, karibu, leseni ya urubani iko wapi? Leseni wanayo wa mji wa nne, na mji wa nne, nikisoma kibao, ndio wa kwanza. Hodi. Karibu, mgeni, tunakukumbuka!

Hapo uvumilivu unaniishia. Mzee, namwambia yule asiye na uso, kwetu mtu akipiga hodi tatu asijibiwe anaondoka zake, hana lawama. Hawa wanajibu! Kila mara wanajibu! Nitaondokaje mlangoni pa mtu aliyenikaribisha? Ananijibu, mlango hufunguliwa na aliye ndani. Najua, ni nani huyo? Umewahi kuchungulia? Natamani kumpiga kofi, ila shavu halipo. Nachungulia. Ndani, kwenye kiti cha rubani, nimeketi mimi, sare imenikaa vizuri, mikono kwenye usukani. Hodi, nasema. Yule mimi hageuki. Wewe raia wa wapi? anauliza kwa upole. Napiga kioo ngumi, nafumbua macho.

Simu iko kifuani. Ukurasa umefunguka, una swali moja: una haki ya kuishi na kufanya kazi nchini kwetu, ndiyo au hapana? Nafasi ya kujieleza haipo. Nabonyeza hapana. Ukurasa unajibu, Karibu tena.

Hodi, anasema Nyamizi mlangoni, Kapteni, ugali unapoa, au siku hizi unahudumiwa angani? Amesimama mwanga ukiwa nyuma yake, uso wake siuoni. Nataka kusema karibu, dada. Mdomo unafunguka, nami nasikia sauti yangu, taratibu, ikimuuliza, wewe raia wa wapi?