Salamu Maria Tatu

Nina mkeka ambao sijawahi kuulalia. Umesukwa kwa majani ya mkadi, rangi mbili, na ukili wake ni mwembamba kiasi kwamba aliyeusuka lazima alitumia miezi mingi na macho yake yote. Uko juu ya boriti, umekunjwa, huu mwaka wa kumi na tisa. Wageni wakiuona hunilaumu: "Mwalimu, mkeka mzuri hivi unawawekea panya?" Mimi hucheka nikawatandikia ule wa plastiki. Siwezi kuwaambia kwamba nilizawadiwa mkeka ule, mbele ya umati, kwa kazi ambayo sikuifanya.

Mwaka nilipopewa mkeka huo tulikuwa na padre mpya. Kabla yake tulikaa miezi saba bila padre, katekista akituongoza kusali na hosti zikituishia, kwa hiyo Padre Crisanto aliposhuka kwenye ndege ndogo ya kutoka Tarawa, kisiwa kikuu cha nchi yetu, tulimpokea kwa mashada ya maua, ngoma na nguruwe wawili. Alikuwa Mfilipino, kijana, miguu myembamba, mcheshi. Lugha yetu hakuijua hata ya kuombea maji. Misa aliisoma kitabuni herufi kwa herufi, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba "ti" yetu hutamkwa "si", vikongwe wa viti vya mbele walijifunika nyuso kwa shuka zao wasionekane wakicheka mbele ya altare. Ukikutana naye njiani ukamwuliza, "Padre, umeshakula?" alikujibu kwa furaha, "Amina!"

Mimi nilijua Kiingereza. Kisiwani tulikuwa wawili tu wa kutegemewa: mimi, mwalimu mkuu, na Biribo, muuguzi wa zahanati, ambaye ni Mprotestanti. Basi padre akitaka kusema neno, mdomo wake nilikuwa mimi. Nilikwenda naye kwa wagonjwa, kwenye vikao, kwenye harusi. Nilivimba kichwa, na sasa sioni faida ya kuficha: nilipenda watu watuone tukipita. Jumapili ya tatu ya Kwaresima, baada ya matangazo, padre alisimama akasema kwamba Nei Makurita ni nguzo ya parokia hii. Nei Makurita ni mimi; Nei kwetu ni kama kusema Bi. Sentensi hiyo niliitafsiri mwenyewe, na sikuipunguza hata neno.

Tulipotoka kanisani Nei Tebora alikuwa akitusubiri kwenye kivuli cha mshelisheli. Mama yake, Nei Rutia, alikuwa amevimba miguu hadi magotini na Biribo alishasema hana tena dawa ya kumpa. Jina hilo linaandikwa Rutia, linatamkwa Rusia; padre alilitamka lilivyoandikwa.

"Mama anataka kuungama," alisema Tebora. "Anasema leo, asiambiwe kesho."

Nilimweleza padre. Akafikiri kidogo, akasema hakuna tatizo. "Ataungama kwa lugha yake. Mimi sitaelewa, lakini Mungu ataelewa, nami nitamwondolea dhambi. Kanisa linaruhusu."

"Si lazima iwe hivyo, Padre," nilisema upesi. "Mimi nipo."

Aliniangalia. Akaniambia kwamba mkalimani anaruhusiwa, mradi mgonjwa akubali, ila anafungwa na siri ileile inayomfunga padre. "Utakachokisikia kitakufa nawe."

"Kitakufa nami," nilijibu, kama mtu aliyekabidhiwa kombe.

Nyumba zetu hazina kuta. Ni jukwaa la mbao lenye paa la makuti, upepo unapita, na jirani anajua umekula nini kwa kukutazama tu. Ili kumpa Nei Rutia faragha, ukoo mzima ulihamia upande wa zizi la nguruwe, wakatupa migongo, wakaanza kuimba nyimbo za Kwaresima kwa sauti kubwa ili masikio yao yasishawishike. Hata shemeji yake asiyejua kuimba aliimba. Padre alivaa stola ya zambarau juu ya fulana yake, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, na mimi nikakaa katikati yao.

Nei Rutia alinishika mkono. Hili alilisema kabla ya ishara ya msalaba, kwa hiyo naweza kulisimulia.

"Mwanangu, mapadre wamepita hapa wengi. Kwa wote nimeungama, na kwa wote kuna mahali nilikuwa naruka. Nikifika pale, hop! Kama mtoto na dimbwi." Alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Leo sitaki kuruka. Na sitaki kulisema kwa mtu asiyeelewa, nitakuwa nimeruka tena. Nataka mtu alisikie. Utaweza?"

"Nitaweza, bibi."

"Mficha uchi hazai," alisema, na akajifanyia ishara ya msalaba.

Yaliyofuata siyasemi, si makubwa wala madogo. Usinisubirie hapo. Wapo walionisubiria hapo, miaka, na wamezeeka. Nasema langu tu: lilifika neno moja, na neno hilo mimi nikalimeza.

Halikunipiga chenga. Kwa Kiingereza lilikuwa jambo la maneno matatu, na yote matatu nilikuwa nikiyafundisha darasa la tano, kila moja siku yake. Padre aliinamisha kichwa, sikio kwangu, akingoja. Nikaona kwamba maneno yale yangepita mdomoni mwangu, kwa sauti yangu, yaingie kwenye sikio la mtu aliyeniita nguzo asubuhi ileile. Nilijua ujinga wa fikra hiyo hata nilipokuwa ninaifikiri. Dhambi haikuwa yangu. Lakini mdomo ulikuwa wangu.

"Mbona umenyamaza?" padre aliuliza kwa upole.

Kwetu haya na aibu ni neno moja. Nikachukua lile la Kiingereza lililo jepesi. "Ana haya, Padre." Kisha nikasema: "Anasema aliwahi kuwakasirikia majirani."

Nei Rutia alikuwa amefumba macho, machozi yakimtiririka hadi masikioni, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Padre akamwekea mikono kichwani, akamwondolea dhambi, akampaka mafuta. Halafu akampa malipizi, Salamu Maria tatu. Hilo nililitafsiri sawasawa.

Alifumbua macho.

"Tatu tu?"

"Tatu, bibi."

"Kwa lile?"

Upande wa zizi walikuwa wamemaliza wimbo na walikuwa wanabishana waimbe upi. Nikamwambia, "Mungu ana huruma, bibi."

Ni kweli, Mungu ana huruma. Sijawahi kusema kweli iliyonuka kama ile. Nei Rutia aliniangalia kwa muda, bila hasira, jinsi mtu anavyouangalia mlango aliodhani uko wazi. Kisha akaachia mkono wangu na kuanza kutafuta rozari yake shukani.

Njiani padre alinishukuru. Nilimwambia si kitu.

Ningeweza kusema kwamba nilishikwa na woga, nikateleza, na kuteleza si kuanguka. Lakini Jumatatu ilifika. Padre aliondoka alfajiri kwa pikipiki kwenda vijiji vya kaskazini, kurudi Alhamisi. Saa nne Tebora akaja shuleni, akasimama mlangoni mwa darasa na kofia yake ya majani mkononi.

"Mwalimu, samahani. Mama anamtaka padre tena."

"Padre yuko kaskazini."

"Tumesikia. Tulisema labda mtu ampelekee habari." Akatazama miguu yake. "Na, Mwalimu, usichukie. Ni mgonjwa, wagonjwa wana maneno yao. Anasema safari hii aje Biribo kumsemea."

Watoto arobaini walikuwa wananitazama.

"Biribo? Biribo ni Mprotestanti, Tebora. Maungamo ya Mkatoliki yapite kwa Mprotestanti? Haiwezekani."

Hakuna sheria ya namna hiyo. Niliitunga pale pale, chaki mkononi, na Tebora, ambaye alinifuata katika mambo ya dini kama anavyomfuata katekista, akaitikia kwa kichwa. "Ah, kumbe. Basi nitamwambia. Afadhali nimeuliza." Akanishukuru. Akaondoka.

Saa nane lori la mbata lilipita kwenda kaskazini kama kila Jumatatu. Dereva alipiga honi mbele ya shule, kwa kuwa mwanawe alikuwa darasa la pili. Karatasi ndogo yenye mistari miwili ingetosha. Niliisikia honi, nikaendelea kusahihisha madaftari, na nilisahihisha vizuri sana siku hiyo.

Nei Rutia alifariki Jumatano asubuhi.

Kwenye msiba hadithi ilikuwa moja tu. Tangu Jumapili, walisema, midomo yake haikutulia. Padre alimpa Salamu Maria tatu, yeye akasali mchana na usiku, uji akaukataa, maji akayanywa katikati ya fungu na fungu la sala, na alipokata roho rozari ilikuwa imemzunguka vidole hata wakashindwa kuifungua. "Amekufa kama mtakatifu," walisema. Padre Crisanto, aliyerudi mbio, alilia wazi mbele ya watu. Na siku ya tatu, maneaba, ukumbi wetu wa mikutano, ikiwa imejaa hadi nje, kaka wa marehemu akasimama, mkeka begani.

"Dada yetu alikuwa na mzigo," alisema. "Ni mzigo gani sisi hatujui, wala hatuulizi. Lakini alipata mtu wa kumsaidia kuutua. Mwalimu, mkeka huu aliusuka kwa mikono yake. Tunataka uulalie."

Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi yetu ni ya matumbawe, haipasuki. Nikaupokea kwa mikono miwili.

Baada ya hapo niliungama kila mwezi. Kwa Padre Crisanto, miaka miwili, hadi akahamishiwa kisiwa kingine akiwa anaongea lugha yetu kuliko sisi wenyewe. Kisha kwa waliomfuata. Nilisema uchoyo, nilisema umbea, nilisema viboko nilivyowapiga watoto wa watu. Nikifika pale, hop. Nikawa naruka kama alivyokuwa akiruka yeye, ila mimi nilijua vizuri zaidi ninachoruka.

Kilichonikomesha ni miguu. Kwaresima iliyopita niliamka nikavaa ndala, hazikuingia. Nikabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo likabaki. Nilikaa kitandani nikaliangalia lile shimo mpaka likajaa, halafu nikaoga, nikaenda kanisani. Ilikuwa Jumamosi, saa ya maungamo.

Padre wetu wa sasa ni Ioteba, mwana wa kisiwa, niliyemfundisha kuandika jina lake na kumchapa kwa sehemu za hesabu ambazo mpaka leo hazijui. Nilipiga magoti nyuma ya pazia.

"Mwalimu," alisema, akasahau kwamba hapaswi kunitambua.

Nilimwambia yote yaliyo yangu. Neno nililolimeza sikumwambia, naye akaniwahi kabla sijafika: "Hilo usiniambie." Nilipomaliza nikasikia anajikuna ndevu.

"Mwalimu, mama yule alisema. Alisema kwa mdomo wake, akaondolewa. Mungu hakuhitaji mkalimani."

"Najua, Padre. Mungu alijua. Bibi yule ndiye hakujua."

Nilikuwa naogopa atatafuta jibu. Badala yake akanipa malipizi.

"Sali Salamu Maria tatu."

"Tatu tu?"

Lilinitoka lenyewe. Nilijua atakachojibu kabla hajafungua kinywa, na akakijibu, kwa upole, kwa kuamini kabisa:

"Mungu ana huruma, Mwalimu."

Nikaenda kupiga magoti benchi la mbele, pale wanapokaa vikongwe, maana sasa ni langu. Nikasali ya kwanza. Nikasali ya pili. Nikasali ya tatu, nikajiambia inuka, malipizi yamekwisha. Midomo ikakataa. Nikasali ya nne, ya kumi, magoti yakafa ganzi, na sikujua nangoja kusikia nini.

Nei Tebora alikuwa anafagia kanisa, zamu yake ya Jumamosi, naye amezeeka. Alikuja na ufagio wake mpaka kwenye benchi langu, akasimama, akangoja nipumue. Kisha akanigusa bega, akaniambia kwa mapenzi matupu:

"Mwalimu, unasali kama marehemu mama."