Mtufaha Uliolazwa Chini

Ardhi ilikuwa ngumu kama kigae. Baridi ya kugandisha ilikuwa imetangulia, theluji haijaja. Mtufaha wetu ulilala uani, matawi yamefungwa kwa kamba kwenye vigingi. Hivyo ndivyo tunavyoulaza kila vuli huku Siberia, theluji iufunike na kuukinga mpaka baridi iishe. Mti uliosimama hauvuki Januari.

Aliupanda mume wangu, Yefim. Alipofariki, kaka yangu alitutafutia chumba mjini Krasnoyarsk, nami nilitamani kwenda. Mama mkwe wangu, Agafya, alitoa jibu moja: "Mti wa mwanangu ukifa, twende. Ukiwa hai, mimi sibanduki." Kumwacha peke yake nisingeweza.

Kwa hiyo, ili twende mjini, nilihitaji kukaa tu, baridi iuue mti. Sikuweza. Nilimenya viazi, nikaweka kisu, nikaenda dirishani, nikarudi. Angani hakukuwa na wingu. Mama mkwe alifuma soksi bila kunitazama. Hata leo, miaka mingi tangu tumzike, vuli ikifika sikai kitako.

Jirani yetu Glafira alichungulia juu ya uzio. "We Lukerya! Mgonjwa wenu kalala bila blanketi!"

"Funga mdomo, meno yasigande."

"Yamebaki mawili, yaache yagande!"

Nilicheka. Kisha nikainama kugusa fundo la kamba, fundo alilonifundisha Yefim, linalofunguka hata ukivaa glavu. Kicheko kikakauka.

Nikachukua koleo na kigari cha kuteleza, nikashuka bondeni, ambako upepo ulikuwa umekusanya theluji kidogo. Nilivuta, nikamwaga juu ya matawi, nikarudi tena. Mgongo uliwaka moto. Safari moja nilipogeuka nilimkuta Glafira nyuma yangu na ndoo mbili.

"Usiniulize kitu," alisema. "Jaza."

Theluji yenyewe iliposhuka, mti ulikuwa umeshafunikwa.

Barafu ilipoyeyuka, Mama mkwe alitoka na fimbo yake. Nilikwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa pa kijani kibichi.

Nilidhani angefurahi, au angelia. Alisema tu, "Haya," akaingia ndani.

Nikasikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa. Kisha sufuria zikirudi kwenye rafu, moja baada ya nyingine. Alikuwa ameshafunga mizigo, sijui tangu lini.

Sikuingia. Nilibaki uani nikifungua mafundo.