Mikono ya Mama Nondo

"Amekufa," alisema dada, akaendelea kumenya chungwa.

Mchoraji aliinua uso. "Nani tena?"

"Huyu msichana wako. Umemuua wewe mwenyewe, na Mama Nondo kakusaidia."

Gazeti lilikuwa limefunuliwa mezani katikati ya maganda. Ukurasa wa watoto ulikuwa wa Mama Nondo, mwanamke mwenye mwili wa chuma na aproni isiyochafuka, na kila lilipotoka toleo jipya, dada mtu, mwalimu wa fizikia, aliusoma kama anayesahihisha mtihani. Safari hii picha ya mwisho ilionyesha msichana akianguka kutoka ghorofa ya nne. Chini yake Mama Nondo kasimama wima barabarani, mikono kainyoosha kama anapokea sinia. Maneno yalisema: Je, atamdaka?

"Si atamdaka!" alisema mchoraji. "Ndiyo kazi yake."

"Atamdaka, tena vizuri sana. Ndiyo maana nasema amekufa. Hebu fikiria, mdogo wangu. Mtoto anashuka ghorofa zote hizo, mwendo unaongezeka tu. Halafu mwendo wote huo uishe ndani ya unene wa kidole, maana mama mwenyewe ni chuma, habonyei. Tofauti yake na lami ni ipi? Labda lami haivai aproni."

"Dada, hii ni katuni."

"Mbona alipotua juzi umechora lami imepasuka? Uzito unaujua ukitaka."

Siku nyingine mchoraji angecheka, angemnyang'anya kipande cha chungwa na mambo yangeishia hapo. Ila wiki hiyo mhariri mpya alikuwa amemwita ofisini na kumwambia, kwa sauti ya upole inayotisha kuliko kelele, kwamba wasomaji wamechoka. Mama Nondo anaokoa watu kama mtu anayeanua nguo. Mwisho wa kisa hiki ukiwa kama ile mingine, ukurasa unakwenda kwa fumbo la maneno.

Mchoraji alimwanzisha Mama Nondo mwaka aliofariki mama yao. Uso ni wa mama, aproni ni ya mama. Eti leo apishe vijisanduku vyeusi na vyeupe! Na picha zilitakiwa jioni hiyo hiyo.

"Basi aruke, amdakie huko huko juu."

"Mmoja anapanda, mwenzake anashuka? Wagongane kama malori? Hapo utakuwa umemuua mara mbili."

"Atandike godoro."

"Godoro katoa wapi? Watoto wa watu wameshaona mikono mitupu. Utawadanganya?" Dada alijifuta vidole, akaingia jikoni, akarudi na yai. "Shuka uani. Mimi narusha kutoka hapa juu kibarazani, wewe daka."

"Bichi?"

"La kuchemsha litakufundisha nini?"

Akashuka. Sasa, mchoraji huyu alikuwa na mtindo wake wa kazi: kila pozi la Mama Nondo alilipiga mwenyewe kwanza mbele ya kioo cha kabati, halafu ndipo akachora. Miaka yote hiyo mwili ulikuwa umezoea. Kwa hiyo dada alipoinama kwenye ukingo wa kibaraza na kuliachia yai, yeye bila kufikiri alipanua miguu, akainua kidevu, akakaza mikono. Yai lilimpasukia viganjani, likamtiririka hadi kwenye viwiko.

"Mbona umesimama kama sanamu?" dada alipiga kelele kutoka juu.

"Nimesimama kama mama!"

"Mama yupi? Huyu wetu? Lini alisimama hivyo?"

Mchoraji alibaki anakung'uta mikono. Nyuma ya nyumba yao ya zamani palikuwa na ukuta. Wakiwa wadogo walikuwa wanaupanda na kuruka, na mama anawadaka. Alikuwa anakudaka, halafu taratibu anakwenda na wewe chini, magoti, kiuno, hadi anakaa vumbini, aproni imemfunika uso, anacheka peke yake.

"Alikuwa anaanguka," alisema mchoraji.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukisema mama hana nguvu."

"Na wewe ulisema."

"Na mimi nilisema." Dada aliegemea ukingo. "Kumbe haanguki. Anashuka na sisi. Ngoja, nakuletea lingine."

La pili alilipokea kwa ncha za vidole, akashuka nalo hadi akakaa kwenye majani mabichi. Suruali ililowa, lakini yai lilikuwa zima.

Akarudi mezani bila kubadilisha suruali. Alichora mikono ikimgusa msichana na kushuka naye. Akachora magoti yakikunjika. Mwisho akamkalisha Mama Nondo barabarani, ameingia kwenye lami kama kijiko kwenye uji, miguu juu, aproni nyeusi kwa vumbi. Dada alichukua penseli, akapiga hesabu pembeni mwa gazeti.

"Mikono, magoti, na hilo shimo. Mita moja na nusu hivi. Bega la mtoto litateguka."

"Lakini anaishi?"

"Anaishi. Mfunge mkono bandeji."

Akamfunga mkono.

Jioni, ofisini, mhariri alizitazama zile picha muda mrefu. Alikuwa mtu wa suti, na hata kiti chake kilionekana kuwa na nidhamu.

"Shujaa ameangukia makalio," alisema.

"Ndiyo."

"Aproni imechafuka. Na mtoto ameumia."

"Bega tu."

"Watoto watasema hana nguvu."

"Watasema," alisema mchoraji. "Sisi pia tulisema."

Mhariri hakuelewa, wala hakuuliza. Alivaa miwani, akasogeza karatasi karibu na taa. "Hili shimo. Liko katikati ya barabara. Nani atalifukia?"

"Sijafikiria."

"Sasa magari yatapitaje? Utawaacha watu na shimo?" Aliiweka karatasi kwenye trei ya kwenda kiwandani kuchapwa, juu ya nyingine zote, huku bado anaiangalia. "Nenda kafikirie, bwana."

Mchoraji aligeuka kuondoka.

"Ngoja," mhariri alimwita. "Na hiyo suruali nyuma, imekuwaje?"

"Kazi," alisema mchoraji, akafunga mlango.