Pampu Iliyonyamaza Barabara ya Kailo

Tambwe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa mjini Kindu, na katika mwaka ule wa themanini na nne hakuna aliyelijua gari lile kama yeye. Alilijua kwa sikio. Kabla ya kuwasha alizungusha ufunguo nusu, akatulia, akaisikiliza pampu ya umeme iliyofungwa chini karibu na tangi: tak-tak-tak, mbio mbio, kisha polepole, kisha kimya. Hapo alijua esansi, yaani petroli, imekwisha kujaa mbele, kwenye kabureta. Ikigonga bila kukoma, kuna mahali panapovuta hewa. Isipogonga kabisa, umeme haupiti.

Ndani ya pampu mna vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, na kila vinapoachana cheche huvila kidogo. Vya gari lile vilikuwa vimeliwa mno. Mara tatu Tambwe aliomba vipya viletwe kwa treni, na mara tatu shefu wa ofisi, mwenye beji ya chama kifuani, alimjibu vile vile, akimwita raia kwa Kifaransa.

"Citoyen, gari inatembea ao haitembee?"

"Inatembea, shefu."

"Basi?"

Basi kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, Tambwe alifungua pampu, akavisugua vile vipande kwa msasa laini, akaosha kichujio, akakaza waya. Mafundi wa mtaa wa Kasuku walisema mtu mwingine angekwisha kuitupa. Maneno hayo yalimpendeza sana.

Siku moja ya mvua za Novemba aliitwa Kailo kumchukua Mwanvua, mke wa mkulima mmoja aitwaye Sudi. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake na mtoto hatoki. Walimlaza nyuma, muuguzi Safi akakaa kichwani, Sudi miguuni. Saa nane mchana, Kindu ikiwa bado mbali, gari lilikohoa, likasimama.

Tambwe alizungusha ufunguo. Kimya. Alijitupa chini kwenye matope, akaigonga pampu kwa mpini wa nyundo. Tak-tak-tak. Wakaenda kama kilomita mbili, likazima tena. Safari hii kugonga hakukusaidia. Akaifungua, akavikuta vile vipande vyeusi kama makaa. Msasa aliusahau nyumbani, akavisugua kwa ubavu wa kiberiti.

"Iko namna gani, baba?" Safi aliuliza dirishani.

"Kidogo tu. Naijua hii."

Iligonga mara nne, ikafa. Akasugua tena, akageuza waya, akaifunga, akaifungua. Nyuma ya gari Mwanvua aliacha kupiga kelele, akawa anakoroma tu. Sudi alishuka, akasimama juu ya miguu ya Tambwe iliyochomoza chini ya gari.

"Ndugu yangu, bibi yangu anaisha."

Ndipo Tambwe alipotoka kule chini. Alivuta esansi kutoka tangini kwa mpira, akajaza bidoni, yaani dumu, akaifunga juu ya paa, akaushusha mpira moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Esansi ilitiririka yenyewe kwa uzito wake. Gari liliwaka mara ya kwanza. Kazi yote haikuzidi dakika kumi.

Mtoto alitolewa mzima hospitalini. Mwanvua alikata roho kabla ya jua kutua. Daktari alinawa mikono, akamwambia Safi, "Mungetangulia hata saa moja tu." Tambwe alikuwa mlangoni, akasikia.

Ofisini shefu aliandika kwamba barabara mbaya ndiyo iliyowachelewesha. Akamsogezea karatasi, Tambwe akatia sahihi. Vipande vipya vilifika baada ya wiki mbili. Alivifunga, pampu ikagonga vizuri, naye hakusikia furaha yoyote.

Siku ya arobaini alipanda baiskeli hadi Kailo. Alimkuta Sudi nyuma ya nyumba, anageuza mpunga juani.

"Nimekuja kukuambia neno," Tambwe alisema. "Bidoni ilikuwa ndani ya gari tangu mwanzo. Na mpira. Ningeliifunga mara moja, tungelifika. Nilipoteza saa nzima na ile pampu."

"Sababu gani?"

"Nilizani nitaiweza."

Sudi aliendelea kugeuza mpunga hadi mwisho wa mkeka.

"Mimi nilifikiri ni kazi ya Mungu," alisema. "Nilikuwa nimekwisha kutulia na ile."

"Unisamehe."

"Uende. Na mama ya marehemu asisikie."

Lakini mama yake Mwanvua alikuwa amekwisha kumwona mgeni. Alitoka jikoni na mtoto mgongoni, sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo mkononi, akamshika Tambwe kiwiko na kumkalisha kwenye kiti.

"Ndiyo wewe uliyeniletea huyu mujukuu," alisema. "Kula, baba. Umetoka mbali."

Tambwe alimtazama Sudi. Sudi aligeuza uso, akatazama shambani. Mama alisimama pale pale akingoja sahani, akimbembeleza mtoto mgongoni, na Tambwe akala tonge baada ya tonge, hadi sahani ikaisha.