Mguu wa Polikarpo

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Mwajabu hukaanga buni, akazitwanga kwa tangawizi na iliki, kisha akateleka dele la shaba kwenye jiko la mkaa, uani kwake Temeke. Kahawa ikishafura mara ya tatu, mumewe Hija huingia kwa mlango wa uani na kukaa kwenye kigoda chake. Hija alikufa mwaka tisini na nane. Kahawa anaitaka chungu, na kashata pembeni.

Enzi zake alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulivaa mishono yake, Idi na Krismasi, na sauti ya cherehani ile ya miguu ndiyo iliyowalaza watoto mchana.

Miaka kumi na sita alikuja vizuri. Halafu Jumanne moja, watu wenye kofia za njano walileta tingatinga, wakafukua makaburi ya mtaa, ya Waislamu na ya Wakristo ng'ambo ya minyaa, ili lijengwe ghala la vigae. Waliahidi mbele ya kadamnasi kwamba kila marehemu atahamishwa kwa jina lake. Maneno hayo yanakumbukwa moja moja, hata kama waliosema wamesahau.

Tangu siku hiyo Hija anachechemea.

"Walikupeleka wapi?" Mwajabu humuuliza. Anataka amsomee Yasini kaburini kwake kabla magoti hayajamshinda.

"Sijui, mke wangu. Gunia halina dirisha."

Binti yao Shamimu alikuja kutoka Boko na bilauri kubwa na karatasi za kuchujia. "Mama, mashapo yanakuumiza tumbo. Hii inachuja kila kitu."

Shamimu akaichuja kahawa, na Hija alikuja akiishia magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kahawa nyepesi hivi?"

Mwajabu alizirudisha zile karatasi kwenye boksi. "Chukua vitu vyako, mama. Vinachuja mpaka watu." Kahawa ya kopo walishaijaribu zamani. Ilileta harufu ya kikoi cha Hija tu. Akateleka dele upya, Hija akapata miguu.

Jioni hiyohiyo jirani yao Eufrazia, mjane wa Polikarpo mchonga vinyago, alikuja kuomba kaa la moto. Alimwamkia Hija, akatazama chini.

"Shoga, huo wa kushoto ni mguu wa Polikarpo. Hilo kovu la patasi nililifunga mie mwenyewe kwa kanga."

"Nilijua tu si wangu," alisema Hija. "Una kucha nene."

Kesho yake Eufrazia alileta kahawa ya kwao Mbinga. Aliichemsha kikwao, kwenye sufuria na sukari, akaipua, akadondoshea maji baridi ya kiganja ili mashapo yazame. Polikarpo aliingia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba, nao ulikanyaga chini, juu, chini, juu.

"Huu mguu haujui kupumzika," alilalamika. "Unashona mchana kutwa. Hija, ulikuwaga unalala saa ngapi?"

"Mwezi wa Ramadhani silali."

Wajane wawili wakabeba majiko, dele na sufuria mpaka kwenye ofisi iliyosimamia ule uhamisho, wakapika barazani. Waume zao walikuja, wakaingia ndani kwa kuchechemea. Karani, jina lake Adelard, alifungua jalada.

"Hapa inasema marehemu mia tatu na kumi na mbili walihamishwa kwa mpangilio."

"Baba, itazame basi miguu," alisema Mwajabu.

"Nimeiona, mama. Lakini haina muhuri."

"Haya, waliwapeleka wapi?"

"Hiyo iko kwenye jalada lingine, nalo limehamishwa." Akaomba kahawa. Akanywa kikombe cha dele na kikombe cha sufuria, akasema zote nzuri, ila ya dele inamkumbusha kwao. Eufrazia akamwambia, "Kunywa, mwanangu. Siku yako ikifika, omba wakupakie peke yako."

Mwezi uliofuata ghala lilifungua lango la pili.

Mwajabu aliitoa cherehani ya Hija chumbani, akaipangusa vumbi, akaiweka mbele ya Polikarpo. Mguu ukaikuta pedali bila kutafuta. Hija akasogeza kigoda, akaongoza kitambaa kwa mikono yake, na watoto wa jirani wakasinzia mkekani kama wazazi wao zamani.

Hapo ndipo Mwajabu alipojitanda kanga, akapiga magoti mbele ya cherehani, akausomea Yasini mguu wa mumewe. Polikarpo alivua kofia, akatulia, mguu ukiendelea kushona. Mwajabu alipomaliza, Eufrazia alitoa rozari mfukoni. Hija akanyoosha mguu wa kushoto kuelekea kwake, taratibu, kama mtu anayempisha mgeni, akaomba kikombe kingine.