Bisi za Mashine

Kwenye maabara za mji wa Hsinchu, mashine hulishwa. Juu ya kila moja huwekwa pakiti ya kijani ya bisi zenye ladha ya nazi, ili itulie na isilete ukorofi. Pakiti haifunguliwi, na ole wake atakayekula chakula cha mashine.

Asubuhi hiyo Po-han aliingia akamkuta Hsin-yu, binti mdogo wake kimasomo, analamba vidole.

"We mtoto! Umekula za mashine?"

"Sikupata chai, kaka. Tena zilikuwa zinakaribia kuchacha."

Po-han akakimbilia kasha la mashine. Mpira wa mfuniko umelegea, hewa imeingia. Kwingine wangelaumu mpira. Hsinchu wakalaumu tumbo la Hsin-yu.

Ndani mlikuwa na vipande vyembamba kupita ngozi ya kitunguu: madini ya hafni yaliyochanganywa na salfa na seleni, kila kipande kwa kipimo chake. Hivyo ndivyo vingemtoa Po-han chuoni na shahada mwezi wa sita, arudi Tainan kwa mama yake, ambaye alishaanza kuwaringia majirani. Na hewa huvila vipande hivyo kama kutu inavyokula jembe.

Po-han akanuna. Hsin-yu akavipima vyote, machozi yakimlengalenga, kisha akamvuta shati.

"Kaka, utaninunia baadaye. Tazama kwanza."

Vyenye seleni nyingi vilikuwa vimeota ngozi nene isiyopitisha umeme kabisa. Vyenye salfa nyingi vilikuwa karibu kama vilivyokuwa mwanzo. Vya katikati, ngozi ya wastani.

"Kumbe ukichagua mchanganyiko," Po-han akasema polepole, "umechagua na unene wa ngozi."

"Na mimi nilichagua kifungua kinywa tu."

Profesa Liao alitazama, akacheka, kisha akamkata Po-han maini: "Safi sana, vifaa vya umeme vinahitaji ngozi kama hiyo. Sasa rudieni kwa makusudi, hewa kidogo kidogo, kila mchanganyiko. Mwezi wa sita usahau, mwanangu, labda wa mwakani."

Po-han akampigia mama yake simu kumpa msiba huo. Akaeleza salfa, akaeleza ngozi, akaeleza Hsin-yu alivyopima, akarudi tena kwa Hsin-yu, mpaka akasahau kulalamika.

Mama akauliza:

"Mwaka mzima mwingine?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Huyo binti kwao wapi?"