Mji wa Sijambo

Hivi wewe Mwantumu, unaumwa wapi hasa, mbona nikikutazama nakuona mzima tu? Jirani yangu Mama Kilua aliniuliza hivyo siku moja akichuma mchicha upande wake wa ua, wala hakuuliza kwa ubaya, nami nikacheka kwa sababu sikuwa na pa kumwonyesha. Swali hilo ndilo linalonichukua usingizini mchana huu. Nimeswali adhuhuri kwa kukaa, nimeegemeza mgongo kwenye ukuta wa chokaa, namsubiri bwana wa ustawi wa jamii aliyeahidi kuja kunikagua nyumbani. Ile homa ya virusi ilikwisha zamani, daktari mwenyewe alisema damu ni safi, lakini ilipoondoka iliondoka na nguvu zangu. Nikikoroga unga wa vitumbua mikono inazimika kama koroboi iliyoishiwa mafuta, nikienda uani narudi nikishika ukuta. Bwana huyo akinikubali nitapata posho ya wasiojiweza, nitabaki katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Akinikataa, shemeji yangu amekwisha kusema, nyumba ataipangisha na mimi nikalale kwake, chumba cha magunia. Nasoma uradi wangu, tasbihi inateleza kidoleni, punje moja, punje nyingine, na punje inayofuata siyo punje tena, ni jiwe, nami nimelikanyaga.

Njia ni nyeupe na haina kando. Naenda nayo inaenda, nasimama nayo inasimama, nikitazama nyuma naona ni ile ile iliyoko mbele. Mbele yangu anatembea bwana mmoja amevaa suti, na akigeuka hana uso, pale pa uso pamelainika kama kitako cha sahani. Ananisalimu kabla sijaogopa. Hujambo mama? Nami, kinywa kimetangulia akili, nasema sijambo baba, alhamdulillahi, sijui nyinyi. Anazunguka nyuma yangu, na nasikia chaki ikikwaruza mgongoni. Namuuliza ameandika nini. Anasema, ulichosema. Namuuliza ofisi ya wagonjwa iko wapi. Anasema, iko mahali ambapo wagonjwa hawafiki. Basi namfuata, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumfuata.

Tunaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, na milango vioo, hata mbuzi akipita anapita na mwenzake. Katika kila kioo yumo Mwantumu, khanga safi, mashavu yamejaa, ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Wananipita mmoja mmoja na kunisalimu, umeamkaje bibie, nami najibu salama, na kila nikijibu yule wa kwenye kioo ananawiri na mimi nasinyaa. Namwambia yule bwana, hawa wote ni mimi, lakini mimi siyo hawa. Anasema, wao wamesema wazima, na wewe umesema mzima, nimsadiki nani? Namwambia mimi nimesema kwa adabu, kwetu mtu anajibu sijambo hata yuko mahututi. Anaketi kizingitini kama watoto wanavyoketi jioni, anasema, kitendawili. Na mimi kwa mazoea yale yale nasema, tega.

Kila asubuhi nakigawa kwa kila apitaye, na mwenyewe sinacho.

Nasema ni kaa la moto. Siyo. Nasema ni maji ya kisima. Siyo. Anasema, umeshindwa, nipe mji. Ndiyo desturi ya mchezo, aliyeshindwa atoe mji, na utotoni tulikuwa tukitoa miji hata hatuijui, chukua Tanga, chukua Mombasa, nenda ukale ukashibe, huku tunacheka. Hapa sicheki. Nampa mji niliozaliwa, na papo hapo nasahau mlango wa mama yangu ulikuwa wa rangi gani. Anatega tena kile kile. Nasema ni kivuli. Siyo, nipe mji. Nampa mji nilioolewa, na kikohozi cha mume wangu, kile alichokuwa akikohoa akifika mlangoni ili nijue ni yeye, kinatoka masikioni mwangu na hakirudi. Anatega mara nyingine. Namwambia sina mji tena. Anasema, unao, ule ulioegemea. Na kwenye kioo kilicho mbele yangu naiona nyumba yangu, shemeji yumo ndani anapima dirisha kwa mikono, mkeka wangu umekwisha kukunjwa.

Nasema ya Rabi, nifunulie. Mmoja wa akina Mwantumu anapita na ndoo yake, ananiuliza, hujambo? Jibu linapanda lenyewe, na safari hii nalihisi ulimini kama tonge la moto, silimezi wala silitemi. Ndilo. Nasema, ni sijambo, ndilo ninalogawa. Yule bwana anasema, mbona hukusema mapema? Namwambia niliogopa, kusema naumwa ni kama kumnung'unikia Mungu. Anasema, kwani Mungu ndiye aliyekuuliza? Namwambia basi nirudishie miji yangu. Anasema, yuko mtu mlangoni kwako.

Nafumbua macho. Ukuta uko mgongoni, tasbihi imeanguka mkekani, na mlangoni mtu anapiga hodi. Namwambia karibu, najivuta hadi katikati ya mkeka. Amesimama na mwanga wa mchana nyuma yake, suti naiona, uso siuoni. Natafuta rangi ya mlango wa mama yangu, siipati. Anasema yeye ndiye wa kutoka ustawi, anaingia, anatazama sakafu ambayo Mama Kilua alinifagilia asubuhi, anatazama khanga yangu iliyofuliwa. Anasema, hujambo mama?

Nina jambo, mwanangu.

Tangu nizaliwe sijawahi kulisema hilo, na naona naye hajawahi kuambiwa, maana anabaki na kalamu hewani. Naendelea kabla adabu haijaniwahi. Nina jambo. Mikono yangu haikorogi unga, kutoka hapa hadi uani napumzika njiani, sakafu hii amefagia jirani. Mungu namshukuru kuniacha hai, yeye anajua. Wewe ndiye usiyejua, na wewe ndiye uliyeniuliza. Haandiki. Anazunguka nyuma yangu taratibu, kama anayekagua ukuta, nami nataka kugeuka lakini shingo haigeuki, na nasikia kitu kikikwaruza, sijui ni kucha yake kwenye chokaa, sijui nini. Namuuliza, umeandika nini, mwanangu? Anarudi mbele, anafunga kalamu. Anajipangusa vidole kwenye suruali, michirizi myeupe inabaki hapo pajani, na anatoka.